Jarida ninalolipenda linayumba, nami mfuko umetoboka: nisaidieje?

*"Shikamoo mwalimu. Ninaandika hadithi fupi na mashairi. Jarida dogo la fasihi lililonichapisha mara mbili limetuandikia sisi waandishi na wasomaji wake kwamba hali ni mbaya: tusipolipia mwaka au kuchangia, huenda toleo lijalo likawa la mwisho. Mimi mwenyewe kazi yangu ya mkataba imepunguzwa, na nina deni ninalolilipa kidogo kidogo. Wameikubali hadithi yangu ya tatu na kuahidi malipo madogo, nawaza niwaachie. Tena wanayo mashairi yangu, mwezi wa tisa huu, sijajibiwa. Nikilipa sasa naogopa itaonekana hongo. Nisipolipa nitaonekana sina shukrani. Rafiki zangu wanasema jarida lisiloweza kujiendesha liachwe life, au matajiri waliokoe. Wengine wananikumbusha kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo ninao. Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la fedha. Mara ya pili nikaona aibu mbili zinazokuvuta huku na huku: aibu ya kutokuwa nacho, na aibu ya kudhaniwa unanunua nafasi. Nimekaa kwenye meza za majarida ya namna hiyo miaka mingi, kwanza nikisoma prufu, yaani kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kuchapwa, baadaye nikihariri, na barua kama hiyo uliyotumiwa nimewahi kuiandika kwa mkono wangu. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyekaa upande ule wa meza.

Jibu fupi ni hili. Ukiweza kulipia mwaka mmoja bila kugusa fedha ya deni wala ya chakula, lipia. Malipo ya hadithi yako yapokee. Na kama mwezi huu huna, usitoe kitu, wala usiombe radhi. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukijua jarida dogo linavyokula na linavyokufa, utaamua mwenyewe bila kusukumwa na hatia.

Watu wengi hudhani gharama ya jarida ni karatasi na wino. Lakini kabla nakala ya kwanza haijatoka mashineni, mtu amesoma miswada mingi ili apate kumi, mtu amehariri hiyo kumi, mwingine amepanga kurasa, mwingine amesoma prufu, waandishi wamelipwa, mchoraji wa jalada amelipwa. Gharama hiyo haipungui hata kama msomaji ni mmoja. Chukulia kazi yote hiyo inagharimu 1,000, sarafu yoyote ile. Wakilipia watu 100, kila mmoja anabeba 10. Wakilipia 500, kila mmoja anabeba 2. Ndiyo maana kupotea kwa wasomaji hamsini, ambako kampuni kubwa isingekuhisi, kwa jarida dogo ni ufa katika ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo hata waandishi wazoefu hawalijui. Fedha ya mtu aliyelipia mwaka si faida, ni deni. Amelipa leo matoleo manne, nawe umempa moja. Matatu bado anakudai. Maisha yakiwa magumu, mhariri hujikuta anachapisha toleo la kwanza kwa fedha ya toleo la tatu. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Mchapaji anataka malipo kabla ya kazi, posta nayo haikopeshi. Toleo la tatu linapofika, kikapu ni kitupu, na hapo ndipo barua kama hiyo yako huandikwa. Wala usitegemee maduka ya vitabu kuziba pengo. Majarida huwekwa huko kwa mali kauli: mwenye duka hukata fungu lake kubwa la bei, hulipa miezi baada ya kuuza, na zisizouzika huzirudisha. Nakumbuka boksi moja lililorudi, nakala zimepinda pembe, kava zimefifia kwa jua la dirishani, na ndani yake stika ya bei ya duka imebandikwa juu kabisa ya jina la mshairi. Nakala zile tulikuwa tumezilipia uchapaji, tumezilipia usafirishaji wa kwenda, na siku ile tukalipia na wa kurudi.

Uchumi ukibana, haya yote hugonga kwa pamoja. Karatasi hupanda, matangazo hukauka, vyuo na mifuko ya sanaa hupunguza bajeti, wasomaji husema "mwaka kesho". Kitu kimoja tu hakipungui: miswada. Wakati fulani, nikiwa mhariri msaidizi, nilitandaza mezani orodha mbili, ya waliotutumia kazi mwaka ule na ya waliolipia jarida. Majina yaliyokuwa kwenye orodha zote mbili niliyahesabu kwa vidole vya mikono, na vidole vilibaki. Sikuwakasirikia wenzangu waandishi. Niliona tu kwamba hakuna aliyewaeleza. Kila mmoja alidhani msomaji ni mtu mwingine.

Sasa nije kwa rafiki zako, maana kuna ukweli katika wanayosema, ila wameufikisha nusu ya njia.

Kwamba lisilojiendesha life: kwa kipimo hicho yangekufa karibu yote, na mapema. Jarida dogo hufanya kazi ambayo soko hulipia baadaye sana, tena humlipa mtu mwingine. Mwaka 2003 hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor ilishinda tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, na mahali ilipochapishwa ni Kwani?, jarida lililokuwa ndiyo kwanza limeanza Nairobi. Mwandishi hupata jina, wachapishaji wakubwa hupata mwandishi aliyekwisha kupikwa. Aliyechochea moto hubaki na majivu. Huo si ushahidi kwamba moto haukuwa na faida.

Kwamba matajiri waliokoe: tazama yaliyotokea. Mwaka 1961 Rajat Neogy alianzisha Transition mjini Kampala, jarida lililowapa nafasi waandishi wengi wa Afrika. Lilipata fedha kutoka kwa shirika moja, Congress for Cultural Freedom, na mwaka 1967 ikawa wazi kwamba nyuma ya shirika hilo ilikuwepo CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Jarida la Encounter la London nalo lilikuwa kwenye mkoba huo huo, na Stephen Spender, mmoja wa wahariri wake, alijiuzulu mwaka ule. Fedha moja kubwa huja na mkono usiouona. Na hata ikiwa safi, huondoka kwa siku moja: mwaka 2023 chuo cha Gettysburg huko Marekani kilitangaza kulifunga The Gettysburg Review, jarida lililoheshimika kwa miongo mitatu na zaidi. Waandishi waliandika kulalamika kutoka kila upande. Aliyekuwa na kalamu ya bajeti alikuwa mmoja.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Harriet Monroe. Alipotaka kuanzisha jarida la mashairi, Poetry, mjini Chicago mwaka 1912, hakumtafuta mtu mmoja wa kumbeba. Alitafuta watu 100, kila mmoja aahidi dola 50 kwa mwaka, kwa miaka mitano. Ni kweli, wengi wao walikuwa na uwezo. Dola 50 wakati ule hazikuwa za mchezo. Lakini angalia umbo la ombi lenyewe: watu wengi, kiasi kinachojulikana, muda unaojulikana. Kwa hiyo aliweza kuwalipa washairi tangu mwanzo, na kuwasubiri wasiojulikana. Mwaka 1915 akachapisha shairi refu la kijana mmoja ambaye hakuwa na kitabu hata kimoja, T. S. Eliot, aliyekuja kuwa mshairi maarufu.

Hapo ndipo ushauri wangu wote unaposimamia. Kwa jarida dogo, kidogo kinachotarajiwa kina thamani kuliko kingi cha ghafla. Mchango mkubwa mara moja, wakati wa kilio, hulipa deni la mchapaji na kwisha. Watu mia wanaolipa kila mwaka tarehe ile ile humwezesha mhariri kupanga toleo la mwakani, na mhariri anayeweza kupanga hahitaji kuandika barua za kilio. Kwa hiyo usijipime kwa ukubwa wa unachotoa leo. Jiulize: kiasi gani naweza kukirudia mwakani bila kuumia? Kama jibu ni bei ya mwaka mmoja, hiyo ndiyo. Kama ni nakala moja tu, nunua moja, moja kwa moja kutoka kwao na si dukani, ili bei yote iwafikie.

Usilipie miaka mitano kwa mkupuo, wala "uanachama wa maisha", hata wakikubembeleza. Umeshaona kwamba fedha hiyo ni deni. Jarida lililobanwa likipokea ya miaka mitano, litaila mwaka huu, na litakuwa na mzigo wa kukutumia matoleo ishirini bila senti. Utakuwa umelisaidia kuzama taratibu zaidi. Kabla hata ya mwaka mmoja, waulize mambo machache kwa upole: mwaka jana yalitoka matoleo mangapi, fedha zinaingia kwenye akaunti ya jarida au ya mtu, na likifungwa, waliolipia watafanyiwa nini. Mhariri mwaminifu hachukii maswali hayo. Hujisikia nafuu kuulizwa.

Kuhusu malipo yako. Najua kishawishi hicho, na najua kinatoka mahali pazuri. Lakini sikiliza kinavyofanya kazi upande wa vitabu vya hesabu. Ukisema "niachieni tu", kwenye hesabu za jarida safu ya waandishi inasomeka sifuri. Mwaka unaofuata mhariri anapoomba ruzuku, mfadhili anaona waandishi hawalipwi, anauliza kwa nini walipwe sasa. Mwandishi anayekuja baada yako, ambaye pengine ana shida kukuzidi, anakuta desturi imeshawekwa na watu wenye moyo. Mimi huwaambia waandishi wenye uwezo: pokea malipo yako, halafu, ukitaka, yarudishe kama mchango, kwa risiti. Fedha ni ile ile, lakini sasa vitabu vinasema ukweli, kwamba hadithi ina gharama na kwamba jarida lina wachangiaji.

Ila hayo ni kwa wenye uwezo. Wewe kazi imepunguzwa na una deni. Pokea, ulipe deni. Hadithi ulishaiandika, hiyo ni jasho lako. Kama wakishindwa kukulipa kwa wakati, unaweza kukubali kusubiri, lakini kwa maandishi na kwa tarehe. "Tutaona" si tarehe.

Hongo sasa. Jarida linalojiheshimu halichanganyi orodha ya waliolipa na rundo la miswada. Mengi huwa na wasomaji wa kwanza wasiojua nani amelipa nini, na baadhi huondoa hata jina la mwandishi kabla ya kusoma. Kisa cha Ruth Lilly kinasema haya kuliko ninavyoweza mimi. Alikuwa mrithi wa ukoo wa kiwanda cha dawa, akiandika mashairi na kuyatuma Poetry kwa miaka, na hawakuchapisha hata moja. Mwaka 2002 ikatangazwa kwamba anaiachia Poetry mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100. Rafiki zako watasema, umeona, tajiri ameokoa. Ndiyo, lakini alilikuta jarida lenye umri wa miaka 90, na aliyelifikisha miaka 90 si yeye. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni mwanamke aliyekataliwa, na bado akaona mahali palipomkataa panastahili kuwepo. Mhariri naye aliyakataa mashairi yake kama alivyoyakataa ya wengine. Mkiweza kuwa hivyo wewe na wahariri wako, hakuna hongo hapo. Na ikitokea mtu yeyote wa jarida akudokeze kwamba kulipia kutaharakisha mashairi yako, funga mkoba na uondoke. Hapo hakuna jarida tena.

Kwa njia hiyo hiyo, ada za kuwasilisha miswada usizihesabu kama msaada. Sehemu ya ada hubaki kwa wenye mfumo wa kupokelea kazi, na jarida linaloishi kwa ada za waliokataliwa limejiwekea sababu ya kukaribisha wengi na kukubali wachache. Sisemi wote wanaotoza ni wabaya. Wengine hawana njia. Ila kama una fedha ya ada nne kwa majarida manne usiyoyasoma, afadhali uiweke pamoja ulipie moja unalolisoma.

Umesema moyo unao, na labda mwezi huu ndio huo tu ulio nao. Basi yako mambo yasiyohitaji fedha, ingawa si yote yana uzito sawa. Kusambaza kiungo mtandaoni ni vizuri lakini ni kwepesi. Aliyeona kiungo si aliyelipia. Kinachofanya kazi ni kumwambia mtu mmoja unayemjua, "soma hadithi hii, ukurasa wa arubaini, kisha uniambie umeionaje", na kumpa nakala yako. Nyingine yenye uzito ambayo waandishi huisahau ni maktaba. Kama kuna maktaba ya chuo au ya umma unayoitumia, jaza fomu ya kuomba walilipie jarida hilo. Ombi la msomaji mwenye jina na kadi lina nguvu kuliko barua ya mhariri, na maktaba ikishaanza kulipa haiachi haraka.

Mna kikundi cha waandishi? Huwa nawashauri watu wanne wasilipie jarida moja kwa kuchangiana. Kila mmoja alipie lake tofauti, halafu mzungushe. Majarida manne yanapata mlipaji mmoja mmoja, na kila mmoja wenu anasoma manne kwa bei ya moja.

Na mhariri hana shida ya hadithi. Hadithi anazo hadi uvunguni. Anachokosa mara nyingi ni tahakiki nzuri ya kitabu kipya, mahojiano yaliyoandaliwa vizuri, tafsiri makini ya shairi. Ukimwandikia, "naweza kuwahakikia kitabu fulani, maneno elfu moja, kufikia tarehe fulani", umemletea kitu ambacho angekitafuta. Kazi ya kujitolea pia inafaa, kusoma prufu hasa, lakini iwekee mpaka: toleo moja, saa kadhaa kwa wiki, kisha mzungumze upya. Nimeona waandishi wazuri wakimezwa na jarida mpaka wakaacha kuandika, na mwishowe wakalichukia. Kama kazi ya kujitolea inakula saa ambazo ungetafutia kibarua cha kulipa deni, hapana. Sema hapana mapema, kwa wema.

Nikuambie na lililo gumu. Huenda likafungwa hata mkifanya yote haya. Kufungwa nako kuna namna. Tin House la Marekani lilitangaza mapema kwamba linasimamisha jarida lake la karatasi, likatoa toleo la mwisho mwaka 2019, baada ya miaka 20. Jarida linalofunga vizuri huwalipa waandishi, huwaambia waliolipia ukweli, na halitoweki na kazi za watu. Kwa hiyo leo, kabla ya kufikiria mchango, tafuta mkataba wako wa hadithi ya tatu. Angalia kama umewapa haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu au zaidi ya hapo, na kama kuna kifungu kinachosema haki zinarudi kwako lini na nini kitatokea wasipochapisha. Hadithi mbili za mwanzo zihifadhi mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na tarehe na namba ya toleo. Tovuti ya jarida lililofungwa huzimika siku ada ya jina la tovuti inapokosa kulipwa, na kwa mwandishi hiyo ndiyo rejea ya maisha.

Mambo mengine hayafai kuamuliwa kwa barua kama hii. Kama mkataba hauna kifungu cha kurudisha haki, au unaona maneno "haki zote" na huelewi yanaishia wapi, nenda na karatasi hiyo kwa mwanasheria, au kwenye chama cha waandishi chenye mtu wa kukusomea, ukae naye ana kwa ana. Fanya hivyo bila kuchelewa kama wahariri, hata wawe marafiki wa chanda na pete, watakuomba uwakopeshe, uwadhamini kwa mchapaji, au uingie kwenye bodi yao wakati huu wa madeni. Jina kwenye bodi linaweza kukufanya uwajibike kwa usiyoyajua, kutegemea sheria za mahali na namna jarida lilivyosajiliwa. Na hilo deni lako, likianza kukunyima usingizi, kaa na mtu anayejua hesabu za nyumbani, mkiwa na karatasi mezani. Usilifanye jarida liwe njia ya kujihisi mkarimu huku wewe unazama. Wahariri wako, kama ni watu ninaowadhania, hawangelitaka hilo.

Yamebaki mashairi. Miezi tisa ni mingi, na una haki ya kuuliza, umelipia au hujalipia. Huenda aliyekuwa anayasoma aliondoka, ndivyo inavyokuwa jarida likibanwa. Andika mistari mitatu: majina ya mashairi, tarehe uliyoyatuma, na swali kama bado yanasomwa. Usitaje hadithi waliyoikubali, na kama utakuwa umelipia mwaka, hilo usiligusie kabisa. Wakinyamaza mwezi mwingine, wajulishe kwamba unayaondoa, uyatume kwingine.